Dola Elfu Kumi: Mlango wa Poka Ambao Bei Yake Haijapanda Tangu 1972

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wapenzi wa karata. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliosimama mpaka mlangoni, hamjambo?

Nianze na swali la bei. Nitajieni kitu kimoja tu ambacho bei yake ya mwaka 1972 ndiyo bei yake leo. Sukari? Nauli? Kodi ya chumba? Naona mnacheka. Mimi ninacho kimoja. Ukienda Las Vegas, Marekani, mwezi wa saba, ukitaka kuketi kwenye pambano kuu la World Series of Poker, yaani mashindano ya ubingwa wa dunia wa poka, kiingilio ni dola 10,000. Na mwaka 1972 kiingilio kilikuwa dola 10,000.

Wazee, dola elfu kumi za mwaka ule zilinunua gari mbili mpya na chenji ikabaki. Waliokaa mezani walikuwa wanaume wanane. Mwaka 2024, kwa kiingilio kilekile, walikaa watu 10,112.

Mtaniambia dola imeshuka thamani. Imeshuka, sikatai. Lakini mwaka 2003 wachezaji walikuwa 839, na mwaka 2006 wakawa 8,773. Kuna dola iliyoshuka thamani mara kumi ndani ya miaka mitatu? Hakuna. Basi kuna mkono mwingine uliofanya kazi hapo, na huo ndio ninaotaka tuutazame leo.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema chipu, si zile za viazi. Ni vile vibao vya mviringo vinavyosimama badala ya fedha. Nikisema mkwara, ni uleule mnaoujua: kuweka dau kubwa kana kwamba una karata nzito, kumbe mkononi huna kitu. Na mchezo wenyewe ni Texas Hold'em. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha moja. Kila hatua ina dau lake. Katika hizo saba unatumia tano zilizo bora. Mliozoea karata za turufu barazani, huku hakuna turufu, na hakuna mwenza wa kukukonyeza. Uko peke yako.

Sasa tuingie.

Mwaka 1969, kule mji wa Reno, Marekani, Tom Moore aliwaalika wacheza kamari wa Texas hotelini kwake wakacheze pamoja. Miongoni mwa walioona mkusanyiko ule alikuwa Benny Binion, naye mtu wa Texas, mwenye kasino ya Horseshoe katikati ya mji wa Las Vegas. Mwaka 1970 akauhamishia mkusanyiko kwake na kuupa jina kubwa. Lakini ule wa 1970 haukuwa mashindano. Watu walicheza kwa fedha taslimu, kila mtu akiingia na kutoka atakavyo. Sasa bingwa atapatikana vipi? Wakapiga kura.

Inasimuliwa kwamba kura ya kwanza ilipohesabiwa, kila mmoja alikuwa amejipigia mwenyewe. Mmewahi kuona uchaguzi wa namna hiyo? Msinijibu. Ikabidi waulizwe upya: ukijitoa wewe, nani anafuata? Hapo ndipo jina la Johnny Moss lilipoibuka, akakabidhiwa kikombe cha fedha.

Kura haina mtazamaji. Nani atakuja kuangalia wazee wakiandika majina kwenye karatasi? Ndiyo maana mwaka 1971 wakageuza: kila mtu aingie na kiasi sawa, dola 5,000, akiishiwa atoke, asiruhusiwe kuingiza mkono mfukoni tena, na wa mwisho kubaki ndiye bingwa. Moss akashinda tena, safari hii kwa karata. Mwaka uliofuata kiingilio kikawa dola 10,000. Hapo ndipo kilipokaa, hakijasogea.

Bingwa wa 1972 alikuwa Amarillo Slim Preston, mrefu, kofia ya Kitexas kichwani, mdomo haukauki. Wachezaji wengine wa zama zile waliogopa kujulikana. Mcheza kamari anayejulikana anafuatwa na mtu wa kodi. Slim hakujali. Alizunguka kwenye vipindi vya runinga akipiga soga, na nchi nzima ikasikia kwamba kuna kitu kama hicho. Mwaka 1973 walikuja 13. Mwaka huohuo Binion alihojiwa, akasema huenda siku moja wakafika hamsini, au hata zaidi. Alikuwa akijitanua kifua. Mwaka 1979 walifika 54.

Doyle Brunson nimtaje kwa sababu wapenzi wa karata hamtanisamehe nikimruka. Alishinda 1976 na 1977, na mara zote mbili karata zake mbili za mwisho zilikuwa ya kumi moja na ya mbili moja; zikiungana na za mezani, zikaishia kuwa za kumi tatu na za mbili mbili. Ya kumi na ya mbili ni karata za kutupa. Msijifunze kwake.

Mpaka 1977 mshindi alibeba vyote. Wa pili alirudi nyumbani na nauli, kama alikuwa ameiacha pembeni. Mwaka 1978 wakabadilisha: kati ya dola 420,000 za wachezaji 42, Bobby Baldwin alichukua nusu, 210,000, na nyingine wakagawana waliomfuata. Dogo hilo? Hapana. Mtu anayejua kwamba hata wa tano analipwa hujipa moyo wa kujaribu. Lakini kiingilio bado ni dola elfu kumi. Atazitoa wapi?

Jibu lake, ndugu zangu, mnalijua tangu utotoni. Jibu ni upatu.

Eric Drache ndiye aliyekuwa akisimamia mashindano miaka ile. Inasimuliwa kwamba alipita kwenye meza ya watu kumi, kila mmoja akiwa na takriban dola 1,000 mbele yake. Akapiga hesabu kichwani: elfu moja mara kumi ni elfu kumi. Akawaambia: kwa nini msicheze mpaka abaki mmoja, na huyo mmoja achukue kiti cha pambano kuu? Huo ndio mchujo. Kama upatu, watu kumi wanachanga na mmoja anapokea. Tofauti ni moja, nayo inauma: kwenye upatu zamu yako itafika. Huku zamu haifiki. Umetolewa, umetolewa.

Mwaka 1983, kati ya watu 108, wawili wa mwisho, Tom McEvoy na Rod Peate, wote walikuwa wameingia kwa mchujo. Walishindana zaidi ya saa saba, McEvoy akashinda dola 540,000. McEvoy alikuwa amewahi kuwa mhasibu huko Michigan. Likumbukeni neno mhasibu.

Na mchujo unaweza kuwa na mchujo wake. Watu kumi wa dola 100 wanatoa mmoja wa kwenda kwenye mchujo wa dola 1,000, na huko watu kumi wanatoa mmoja wa pambano kuu. Kwa hesabu kavu, bila makato ya kasino, dola mia moja imefungua mlango wa elfu kumi. Intaneti ilipokuja, ngazi hiyo ikawekwa sebuleni kwa kila mtu. Mwaka 2003, mhasibu mwingine, kijana wa Tennessee anayeitwa Chris Moneymaker (ndiyo, ndilo jina lake la ukoo, mtengeneza fedha), aliingia kwenye mchujo wa mtandaoni wa dola 86, akapanda ngazi. Kwenye mchujo wa juu, watatu wa kwanza walipata viti vya Las Vegas na wa nne alipata dola 8,000 taslimu. Amesimulia mwenyewe kwamba alizitaka zile elfu nane. Alikuwa na madeni. Rafiki yake ndiye aliyembembeleza apiganie kiti. Dola 86 zikazaa dola milioni 2.5.

Hapa niwape jambo la kazi, kwa sababu wengi hupoteza kiti palepale. Mchujo hauchezwi kama mashindano ya kawaida. Chukua mchujo unaotoa viti kumi, na mmebaki watu kumi na mmoja. Wewe una chipu nyingi kuliko karibu wote. Unapewa ree mbili, mkono bora kupita yote. Mwenye rundo kubwa kuliko lako anasukuma chipu zake zote. Utamfuata? Tupa! Tupa zile ree. Dhidi ya karata zozote za mtu mmoja, ree mbili hushinda kama mara 85 katika mia. Maana yake mara 15 unatoka, wakati ukikaa kimya kiti chako kina uhakika zaidi ya hapo. Viti vyote kumi ni sawa. Hakuna kiti cha dhahabu kwa mwenye rundo kubwa. Anayeendelea kukusanya chipu wakati kiti kimeshaiva hucheza kwa sifa, na sifa hailipi kiingilio.

Njia nyingine ya mlangoni ni kuuza sehemu yako. Mchezaji anasema: mimi ninauza asilimia 60, nipeni dola 6,000, nikishinda asilimia 60 ya zawadi ni yenu. Stu Ungar, bingwa wa 1980 na 1981, wengi wanamhesabu mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliowahi kushika karata, alifika mwaka 1997 akiwa hana hata senti ya kiingilio. Kokeini ilikuwa imemla. Billy Baxter akamlipia dakika za mwisho. Ungar akashinda mara ya tatu, dola milioni 1, wakagawana nusu kwa nusu. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1998 alikutwa amekufa kwenye moteli palepale Las Vegas.

Baxter na Ungar walijuana, neno lilitosha. Msiige. Jamie Gold aliposhinda dola milioni 12 mwaka 2006, mwenzake alikwenda mahakamani akidai aliahidiwa nusu. Wakamalizana nje ya mahakama mwaka 2007. Andikeni. Asilimia ngapi, ya mashindano gani, kodi inakatwa kabla au baada ya kugawana. Mistari mitatu kwenye karatasi, sahihi mbili.

Sasa nije kwenye barafu, maana chipu zako nazo huyeyuka.

Kwa nini mashindano yanaisha? Watu elfu kumi wenye subira si wangekaa mpaka Idi ya mwakani? Yanaisha kwa sababu dau la lazima linapanda. Siku hizi kila mmoja anaanza na chipu 60,000. Hatua ya kwanza, wawili mezani wanalazimika kutoa 100 na 200, na anayetoa 200 anaongeza 200 nyingine kwa niaba ya meza nzima. Zikizunguka watu tisa, kila mzunguko unakugharimu chipu 500 bila kufanya lolote. Una mizunguko 120. Umestarehe. Kila baada ya saa mbili dau linapanda. Likifika 1,000 na 2,000, mzunguko ni chipu 5,000, na zilezile 60,000 zako sasa ni mizunguko 12. Kwa mizunguko mitatu hivi kwa saa, umebakiza saa nne. Hukupoteza chochote. Umekaa na barafu yako juani, basi.

Mwenye kuelewa barafu anaelewa kisa cha Jack Strauss. Mwaka 1982 alisukuma chipu zake katikati, akashindwa, akanyanyuka aondoke. Inasimuliwa kwamba chini ya leso ya karatasi mezani ilikuwa imejificha chipu moja ya 500. Kwa kuwa hakutamka kwamba anaweka zote, wakamwambia chipu hiyo ni yake bado, aketi. Akaketi. Akachukua ubingwa na dola 520,000.

Muujiza? Fanyeni hesabu. Wachezaji 104, kila mmoja chipu 10,000, jumla 1,040,000. Ukiidabo 500 mara kumi na moja unapata 1,024,000. Mara kumi na moja tu, ndugu zangu! Ni vigumu, lakini huoni kwamba si mbali kama ulivyodhani? Ndiyo maana wacheza poka wana msemo wao wa chipu moja na kiti. Na ndiyo maana mgawaji anakutaka useme. Neno lililotamkwa kwenye zamu yako linakufunga, mkono umesogea au haujasogea.

Dau likipanda, chipu ndogo hazina kazi tena, zinaondolewa. Hapa pana kosa ambalo hata wakubwa limewakuta. Chipu za 25 zikiondolewa, kila nne zinabadilishwa kwa moja ya 100. Masalio, moja, mbili au tatu kwa kila mtu, hupigiwa karata: chipu moja ya salio, karata moja wazi. Tuseme meza nzima ina masalio 12, sawa na chipu tatu za 100; hizo wanapewa wenye karata tatu za juu, mtu asipate zaidi ya moja. Na hakuna anayetolewa kwa njia hii. Aliyebaki na ya 25 moja tu hupewa ya 100. Masalio yasipogawanyika sawasawa, mezani huongezwa kidogo ili hesabu ikae.

Mwaka 2006, wachezaji 8,773 walianza na chipu 10,000 kila mmoja. Jumla 87,730,000. Mwishoni mezani zilikutwa zaidi kwa milioni mbili na ushei. Zimetoka wapi? Walisema ni kule kubadilisha. Mimi siamini kwamba kuongeza kidogo kwa ajili ya masalio kunafika milioni mbili. Kwa ukubwa huo lazima watu walikosea rundo zima kwa rundo zima. Zawadi hazikuguswa, kwa sababu zinatokana na viingilio na si na chipu. Lakini uzito wa rundo la mtu ni kila kitu kwenye mchezo huu. Kwa hiyo mkiandaa mashindano yenu, hata ya mtaani: hesabuni chipu za meza kabla ya kubadilisha, mtu wa pili ahesabu baada, na zile ndogo zitoke ukumbini mara moja, zisibaki kwenye trei.

Jambo la mwisho ni kamera, na hili ni fupi, kwa sababu mmeshaliona wenyewe kwenye simu zenu.

Kabla yake, poka kwenye runinga ilikuwa wanaume wakitazamana. Nani ana nini? Hujui. Nani amepiga mkwara? Hujui. Aliyetatua ni Henry Orenstein, mzaliwa wa Poland aliyeokoka kambi za Wanazi, akawa mbunifu wa vitu vya kuchezea watoto huko Marekani. Alisajili ubunifu wa kuonyesha watazamaji karata za siri za mchezaji. Mwaka 2003, kituo cha runinga cha ESPN kikautumia vizuri kwenye pambano kuu, na mwaka huo ndio aliokuja yule mhasibu.

Wamebaki wawili: Moneymaker na Sammy Farha, mtaalamu, sigara isiyowashwa mdomoni. Mezani zimefunuliwa tisa, mbili, sita, nane, tatu. Farha ana jozi ya tisa, anaongoza. Moneymaker ana mfalme na saba. Hana kitu! Anasukuma chipu zote. Farha anatazama, anahisi, anasema kwa sauti kwamba huenda kijana amekosa karata aliyokuwa akiingoja. Amepatia. Kisha anatupa. Mtazamaji nyumbani anaona karata zote nne na anashika kichwa. Mkwara umepita.

Mtu wa kawaida, dola 86, na karata zake tumeziona. Mwaka uliofuata wakaja 2,576. Kisha 5,619. Kisha 8,773.

Halafu mwezi wa kumi 2006 Marekani ikapitisha sheria ya kuzuia benki kupitisha malipo ya kamari haramu ya mtandaoni, na waandaaji wakaacha kupokea majina yaliyoletwa na tovuti za michujo. Mwaka 2007 walikuja 6,358. Kiingilio hakikuguswa, zawadi ilikuwa mamilioni bado. Ngazi iliondolewa, watu 2,415 wakapungua. Ilichukua mpaka 2023 kuivuka ile rekodi, kwa wachezaji 10,043. Horseshoe yenyewe ilishafungwa tangu Januari 2004, maofisa wa serikali walipoingia kuchukua fedha kwa deni la michango ya wafanyakazi. Jina la mashindano likauzwa, yakahamia kasino ya Rio palepale Las Vegas, na sasa yako kwenye barabara kuu ya makasino.

Kwa vijana mnaonitazama kwa macho ya tamaa: mwaka huo wa 2023, katika kila dola 10,000, dola 9,300 ndizo zilizoingia kwenye zawadi. Bingwa Daniel Weinman alichukua 12,100,000. Waliolipwa walikuwa 1,507. Wengine 8,536 waliondoka mikono mitupu. Kina dada, mwaka 1995 Barbara Enright alimaliza wa tano, na ikabidi tungoje mpaka 2025 kumwona mwanamke mwingine kwenye meza ya mwisho, Leo Margets wa Hispania, aliyekuwa wa saba.

Ndugu Mwenyekiti naona anaangalia saa. Meza za nyuma zina karata na gunia la maharage. Kila mtu achukue punje 60, meza moja watu tisa, dau la lazima punje moja na mbili, linadabo kila dakika kumi. Mshindi wa kila meza anaingia fainali. Huo ndio mchujo wenu, na kiingilio ni bure. Anayeweka zote aseme kwa sauti. Na ukiishiwa, kabla hujanyanyuka, inua leso yako uangalie chini yake.